Arai wa Takasaki

Kitazume Fumie alikuwa na dawa tisini na tisa mfukoni, na katika miezi minane hakuwa ametumia hata moja. Dawa zenyewe zilikuwa za kwenye mchezo: vichupa vya bluu ambavyo msafiri akivinywa majeraha hufunga, na aliyeanguka vitani husimama tena. Mfuko wa mchezo ule haupokei zaidi ya tisini na tisa. Kila alipookota cha mia, mashine ilimwambia mfuko umejaa, naye alikiacha chini kwa uchungu, kama mtu aliyesahau mwavuli mzima kwenye treni.

Alikuwa na miaka arobaini na moja, mpishi katika jiko kuu linalopikia shule za msingi za upande wa kusini wa Maebashi, chakula cha watoto elfu moja na mia mbili kila siku ya masomo. Kazi iliisha saa tisa na nusu. Saa kumi alikuwa nyumbani, miguu chini ya meza ya joto, ile yenye hita na blanketi, mashine ndogo ya michezo mikononi, daftari ubavuni. Mumewe Masanobu alirudi saa kumi na mbili na nusu, na binti yao Hinako alikuwa amekwenda kusoma Niigata. Muda ule wa katikati ulikuwa wake.

Alipenda michezo ya safari, ile ambayo mtu huongoza kikosi cha watu wanne kupita nyikani, mapangoni na mijini mpaka amfikie adui mkuu. Na alicheza kwa namna yake. Pangoni alianza mkono wa kushoto siku zote, hata kama kulia kulikuwa na taa na mlango wazi. Ramani alizichora mwenyewe kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, tarehe juu, ingawa mashine ilikuwa na ramani yake. Mjini alizungumza na kila mtu mara mbili, kwa sababu wapo wanaobadilisha maneno mara ya pili. Katika michezo hii mtu huingia nyumba za watu na kupekua makabati bila kuulizwa. Fumie aliyapekua yote, lakini kwanza aliinamisha kichwa akasema "samahani", kwa sauti, peke yake sebuleni. Upanga wa kwanza hakuuuza kamwe. Na adui mkuu hakupigana naye kamwe. Alifika mlangoni pake, akahifadhi mchezo, akazima mashine, akaenda kununua mchezo mwingine. Chini ya televisheni kulikuwa na michezo kumi na minne iliyoishia mlangoni.

Hayo yote aliweza kumsimulia mtu wakacheka pamoja. Lipo moja ambalo hakulisimulia. Mchezo unapoanza, mashine huuliza majina ya wanakikosi, na Fumie, tangu akiwa msichana wa shule, aliwapa majina ya watu aliowajua. Watoto wengi wa rika lake walifanya hivyo. Shujaa alipewa jina la mwenye mchezo, na mwana wa mfalme jina la mvulana wa dawati la mbele. Wenzake waliacha walipokua. Yeye hakuacha. Siku hizi alitumia majina ya jikoni: Fumie mwenyewe kiongozi, Moteki mchawi wa moto, Seki mganga, na Arai mlinzi, yule anayetangulia mbele kupokea mapigo.

Arai alipewa ulinzi kwa sababu ya karoti. Mwezi wa Juni, siku ya mchuzi wa kari, Fumie aliisoma karatasi ya kazi harakaharaka akakata kilo arobaini za karoti vijiti vyembamba badala ya vipande vinene. Vijiti huyeyuka kwenye kari, mtoto haoni karoti wala hatafuni kitu. Arai Tsuneko, mkubwa wao jikoni kwa umri na kwa miaka ya kazi, alisimama juu ya beseni, akatazama, akasema mbele ya wote, pamoja na dereva wa lori la vyombo: "Tunapikia watoto hapa, hatulishi sungura." Watu walicheka nyuma ya barakoa zao. Fumie naye alicheka. Jioni alianza mchezo mpya, na mashine ilipouliza jina la mlinzi, vidole vyake havikusita.

Wala hakuwa adui yake. Bi Arai ndiye aliyemfundisha kukoroga sufuria kubwa kwa nguvu za kiuno badala ya mikono, la sivyo mabega yangekwisha kumfia mwaka wa kwanza. Ndiye aliyemletea mboga za kuchachusha kila majira ya baridi, kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko kilichofungwa kwa kamba. Alimwita "mdogo wangu". Mtu huyohuyo Fumie alimtanguliza mbele ya majoka bila kofia ya chuma, na alipoanguka hakufungua mfuko. Dawa zilikuwa za kumtunzia adui mkuu, yule ambaye hakupigana naye. Vita vilimaliziwa na watatu waliobaki, kisha Arai aliburutwa mpaka hekalu la mjini, ambako walioanguka huinuliwa bure, na siku ya pili akatangulizwa tena.

Mashine za miaka ile zilikuwa na jambo moja lililopendwa nchini kote. Ukiifunga bila kuizima, ukaitia mkobani, ilituma kikosi chako kwa mashine yoyote iliyopita karibu, na kupokea kikosi cha mwenzako. Watu waliliita jambo hilo kupishana. Kila mgeni aliyepokelewa aliacha ramani ya hazina, kwa hiyo walitembea na mashine zao kituoni, dukani, hata hekaluni siku ya mwaka mpya, wasijue nani amewapita. Fumie alikuwa amekusanya ramani mia moja na sitini za wageni. Hata siku moja hakuwaza kwamba huko walikokwenda, watu wake nao walitazamwa.

Siku moja ya Februari, upepo mkavu wa Mlima Akagi ukitikisa madirisha, malori yalikuwa yameondoka na wanawake watatu walikuwa wamekaa kwenye mikeka ya chumba cha mapumziko, ghorofani juu ya jiko. Bi Arai alitoa kitu chekundu kwenye mkoba.

"Mdogo wangu, hebu njoo. Nimenunua kidude kama chako."

"Bi Arai!" Moteki Sanae alipiga kofi. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na mdomo usiopumzika. "Mwezi ujao unastaafu, leo ndiyo unaanza utoto?"

"Ulitaka nikae nyumbani nitazame ukuta? Nyamaza wewe. Fumie, taa hii inawaka kijani tangu asubuhi. Imeharibika?"

Mikoba yao ilikaa rafu moja kwenye chumba cha kubadilishia nguo, umbali wa kiganja kimoja kati yake. Fumie alielewa kabla hajaishika ile mashine.

"Haijaharibika," alisema. "Hiyo unaweza... unaizima tu."

"Imeandika kuna mgeni langoni." Bi Arai alishusha miwani puani. "Kikosi cha Fumie, kutoka Maebashi. Ee! Si wewe huyu?"

Moteki alikuwa amekwisha kutambaa kwa magoti mpaka begani pake. "Tuone, tuone! Mimi nimo! Moteki, ngazi ya arobaini na moja. Tazameni koti, manyoya ya mbweha! Asante, dada Fumie. Mume wangu hajawahi kuninunulia hata skafu. Na Bi Seki wa lishe yumo, amekuwa mganga. Anafaa, yule."

"Na huyu aliyelala chini?"

"Huyo ni..." Moteki alisoma, na sauti yake ikawa inapungua njiani. "Arai. Mlinzi. Kofia, hana. Ngao ya mbao. Ameanguka mara mia mbili na kumi na nne."

"Kuanguka ni nini?"

Moteki alirudi nyuma kidogo kwa magoti.

"Moteki, nakuuliza. Kuanguka ni nini?"

"Ni kufa, Bi Arai."

"Aa." Bi Arai alisogeza kioo karibu na macho. "Na hiki kichupa cha bluu, kilichoandikwa tisini na tisa?"

"Dawa," alisema Moteki, akimtazama Fumie. "Ya kumwinua aliyeanguka."

"Si wewe!" Sauti ya Fumie ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Masikio yalikuwa yanamwaka moto. "Ni Arai wa Takasaki. Binamu yake Masanobu. Mtu mmoja mgumu sana, humjui hata."

"Wa Takasaki," alisema Bi Arai. "Akina Arai tuko wengi, kweli."

Aliifunga mashine, akairudisha kwenye kifuko alichokishona mwenyewe kwa kitambaa cha kimono kuukuu, akainuka, akaosha vikombe vya chai vyote vitatu. Zamu ilikuwa ya Moteki.

Saa kumi Fumie alifungua mashine yake. Alijua atakachokikuta, maana kupishana ni kwa pande mbili. Langoni mwa mji alisimama mgeni mmoja peke yake, bila kikosi, ngazi ya pili, ameshika fimbo. Jina lake Tsune. Kila mgeni huandika salamu fupi, na ya huyu ilisema: "Ndiyo kwanza naanza. Fumie wa kazini atanifundisha."

Aliisoma mara mbili, kwa mazoea, maana wapo wanaobadilisha maneno. Hayakubadilika.

Masanobu alimkuta hajawasha taa ya jikoni.

"Mama Hinako, unaumwa?"

Alimweleza, ila sehemu ya karoti aliipita haraka.

"Binamu yangu wa Takasaki?" Masanobu aliweka vijiti vya kulia mezani. "Mimi sina binamu Takasaki."

"Najua."

"Basi mwambie ukweli."

"Nitamwambiaje?"

"Mdomo si unao?" Alikula kidogo, kisha akauliza, macho kwenye bakuli: "Na mimi nimo humo?"

"Wewe humo."

"Hata kwenye uganga?"

"Wewe humo, Baba Hinako. Kula."

Kesho yake jikoni Bi Arai alimsalimu kwa heshima zote. "Habari za asubuhi, Bi Kitazume. Bi Kitazume, naomba mwiko huo. Bi Kitazume, umefanya kazi nzuri." Miaka kumi na moja hakuwahi kumwita hivyo. Hakuna aliyeweza kusema amekosewa adabu. Adabu ilikuwa nyingi kuliko zamani, na Fumie aliihisi kila neno kama maji ya barafu kwenye shingo. Wakati wa mapumziko Bi Arai alimwuliza Moteki jinsi ya kuvuka daraja la pango la pili. Moteki hakujua chochote kuhusu mapango, akabonyeza hovyo, Tsune akaanguka mtoni, wote wawili wakacheka. Fumie, aliyekuwa na ramani ya pango lile kwenye daftari, tarehe juu, aliendelea kukunja taulo.

"Binamu wa Takasaki hajambo?" Moteki alimnong'oneza ngazini. "Mpe pole. Mwambie ajaribu kuvaa kofia."

Fumie alinunua boksi la maandazi ya maharage matamu kwenye duka zuri karibu na kituo, akampelekea Bi Arai kwa mikono miwili. Alikuwa na sentensi ya kuomba radhi tayari. Bi Arai alipokea kwa mikono miwili pia, akainama. "Umejisumbua bure, Bi Kitazume." Akalifungua palepale, akalipeleka katikati ya meza wale wote. Andazi moja likabaki, na kila mtu akawa anamsukumia mwenzake. Ile sentensi Fumie alirudi nayo nyumbani.

Usiku wa kuamkia kila siku ya kazi aliazimia kusema ukweli, na asubuhi akashindwa. Kwenye daftari, baada ya ramani za pango la saba, aliandika namna tisa za kuomba radhi. Ya kwanza ilijaza ukurasa mzima na kueleza mambo ya kupishana, ya tisa ilikuwa na maneno manne. Mchezo wenyewe hakuucheza. Kufika popote ilikuwa lazima apite langoni, na langoni alikuwepo Tsune na fimbo yake, anasema vilevile kila akipitwa. Kulikuwa na kitufe cha kumuaga mgeni aondoke. Kidole hakikwenda.

Machi ilikuwa inakwisha. Chakula cha mwisho cha mwaka wa shule kilipikwa, wali mwekundu wa maharage kwa wanaohitimu, na siku tatu zilizofuata zikawa za kusugua jiko zima kabla ya likizo. Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho kwa Bi Arai. Alikuwa amejichagulia kazi mbaya kuliko zote, sufuria kubwa la kari. Wamelilaza ubavu, naye ameinama nusu ya mwili ndani, anasugua, buti tu na makalio vikionekana. Moteki na wengine walikuwa nje wanamwagia maji magari ya vyombo.

Fumie alisimama nyuma ya buti zile. Maneno manne yote yalimtoka kichwani.

"Bi Arai," alisema. "Hakuna Arai wa Takasaki."

Kusugua hakukukoma. "Najua," ilisema sauti kutoka sufuriani, nzito, yenye mwangwi wa chuma. "Akina Kitazume nawajua wote tangu wewe hujaolewa pale. Wa Takasaki hawana."

"Ni wewe."

"Hilo pia najua. Nina miaka sitini, si mitatu."

Fumie aliinama, ingawa aliyemwinamia hakumwona. Maji ya sabuni yalimpita chini ya buti.

"Kwa nini mimi?" iliuliza sauti.

"Karoti."

"Karoti gani?"

"Za Juni. Nilikata vijiti, siku ya kari. Ulinisema mbele ya watu. Na dereva alikuwepo."

Bi Arai alijitoa sufuriani taratibu, mkono kiunoni, uso mwekundu, kofia ya nywele imekaa upande. "Nilisemaje?"

"Ulisema hatulishi sungura."

Bi Arai alitafuta kichwani. Fumie alimwona akitafuta kweli, na akaona kwamba hakuna alichokipata. Jambo alilolibeba yeye tangu Juni, mwenye kulisema alikwisha kulisahau siku ileile kabla ya kufika nyumbani. Aibu aliyokuwa nayo mpaka hapo ikawa si kitu mbele ya hii mpya.

"Mara mia mbili na kumi na nne," alisema Bi Arai, "kwa sababu ya sungura."

"Ndiyo."

"Ningekuwa nimekusema kila siku, sawa. Mkubwa wa kazi huchukiwa, mimi mwenyewe nilimchukia wangu, Mungu amrehemu, nilikuwa natia chumvi kwenye chai yake. Hilo halinisumbui. Lakini zile dawa, Kitazume. Ulikuwa nazo."

"Nilikuwa nazo."

"Ulikuwa unazitunzia nini?"

Fumie alifungua mdomo aseme adui mkuu, akakumbuka michezo kumi na minne. "Sijui," alisema. "Huwa nazitunza tu."

"Moteki hakuanguka hata mara moja, nilitazama. Koti la manyoya." Bi Arai alisuuza brashi. "Wiki nne nimelala na hilo. Mzee mzima. Nikawa najiambia, Tsuneko, ni kidude cha watoto. Halafu nakiona kile kichupa cha bluu, tisini na tisa."

"Leo asubuhi nimekuinua," Fumie alisema haraka. "Kabla ya kuja kazini. Nimetumia kimoja. Nimekupa na kofia, na ngao ya fedha, ile bora kabisa."

Aliposikia anavyosema, alitamani lile sufuria limfunike.

"Leo," alisema Bi Arai.

"Leo."

"Kwa sababu nimeona." Alikung'uta maji kwenye brashi. "Nirudishe nilipokuwa. Sitaki ngao ya mtu aliyekamatwa."

Kisha akampa brashi. "Upande ule wa chini bado. Mkono wangu haufiki."

Fumie aliingia sufuriani mpaka kiunoni. Ndani mlinukia kari ya miaka yote, na sauti ya nje ilifika kama kutoka nyumba ya tatu. Alisugua upande wa chini, kisha akausugua tena. Alikuwa na shukrani kwamba humo hakuna wa kumwona uso. Alipojitoa, Bi Arai alikuwa amekwisha kwenda kuning'iniza aproni.

Saa nane walimuaga. Bi Seki alisoma karatasi ya shukrani, Moteki alilia kwa kelele akamkabidhi maua. Bi Arai alipita kwa kila mmoja, akainama, akasema neno lake. Moteki aliambiwa apunguze mdomo na aongeze chumvi. Bi Seki aliambiwa menyu za msimu uliopita zilipendwa. Mbele ya Fumie alisimama kama mbele ya wengine.

"Bi Kitazume, asante kwa miaka kumi na moja."

"Bi Arai," Fumie alisema, na safari hii hakutafuta sentensi nzuri. "Lile pango la pili, la daraja. Nina ramani. Siku za Jumatano kuanzia saa kumi nipo nyumbani peke yangu. Kama utakuwa bado umekwama."

Bi Arai aliyahamisha maua kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Nitaona," alisema.

Akafunga maua kwenye kapu la baiskeli kwa ile kamba ya ndoo ya mboga, akaondoka akiukabili upepo, amesimama juu ya pedali.

Kijana mpya aliajiriwa Aprili, fundi wa kukata kuliko wote. Jumatano Fumie hutoka kazini bila kusimama dukani. Huondoa magazeti mezani, huweka vikombe viwili, hutandaza ramani ya pango la pili, aliyoibandua daftarini kwa uangalifu isichanike, kwa kuwa ameamua kuitoa yenyewe, si nakala. Mashine huwa imefungwa. Saa kumi na mbili na robo huosha vikombe vyote viwili, kile kilichotumika na kisichotumika, na kuvirudisha kabatini, Masanobu asije akauliza.

Jumatano ya tatu ya Mei kengele ya mlango ililia saa kumi na dakika ishirini. Fumie aligonga goti kwenye meza akatoka mbio kwa soksi mpaka kwenye kokoto za uani zilizolowa mvua. Aliyekuja alikuwa mama wa nyumba ya pili, ameleta jalada la matangazo ya mtaa, lile ambalo kila nyumba husoma, hutia muhuri na kumpitishia jirani: siku ya kusafisha mfereji imesogezwa mbele.

"Jamani, Bi Kitazume, kuna nini? Umetoka bila viatu!"

"Samahani," Fumie alisema. "Nilidhani ni mtu mwingine."

Alipokea jalada, akasoma siku ya mfereji, akatia muhuri wake palipotakiwa. Kisha, soksi zikiwa zimelowa, akalipeleka mwenyewe nyumba ya tatu, taratibu, akiangalia kila baiskeli iliyokuja upande wake.